Jina la Mama Mkwe

Ukiitwa kupimwa maneno kabla ya kupasuliwa kichwa, sema kila unachokijua. Sema hata jina la mama mkwe wako. Najua kwetu halisemwi, na najua huenda yeye mwenyewe ameketi hapo nje kwenye benchi, anakungoja na chupa ya chai. Funga mlango vizuri, ulitaje. Mimi sikulitaja, na kunyamaza kule kulinigharimu mwaka mzima.

Ninaandika nikiwa mzima. Sijaanguka tena tangu nipasuliwe. Namwandikia yule aliyeambiwa juzi kwamba dawa zimeshindwa, kwamba sasa wanataka kumfungua kichwa, naye ameketi ukingoni mwa kitanda akikishika hicho kichwa kwa mikono miwili na hana wa kumuuliza. Mimi pia sikuwa na wa kumuuliza. Mambo ya ubongo utaelezwa na wanaoyajua. Mimi nitakueleza yaliyonipata.

Naitwa Mwende. Nilizaliwa Matiliku, upande wa Makueni, nikaolewa karibu na Mutomo, huko kusini mwa Kitui ambako mbuzi ni wengi kuliko majani. Mimi ni fundi wa cherehani, nashona sare za shule na magauni ya kwaya. Kifafa kilinianza nikiwa na miaka tisa. Mara nyingi sikuanguka, nilipotea tu. Nilisikia harufu ya maziwa yaliyoungua mahali pasipo na maziwa, nikatafuna mdomo mtupu, mkono ukavutavuta nguo, kisha nikarudi nikakuta watu wamenizunguka wananitazama. Siku mbaya nilianguka kabisa. Nilimeza dawa za aina nne kwa miaka mingi. Niliombewa pia, mikono kumi kichwani kwa pamoja, na siyasemi vibaya maombi. Ninasema tu kwamba siku moja nilianguka palepale mbele ya kanisa na mhubiri akadhani maombi yamejibiwa.

Binti yangu alipokuwa na miezi saba nilianguka naye karibu na jiko. Yeye hakuguswa na moto. Mimi niliungua mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko. Tangu siku hiyo mama mkwe alimchukua, mtoto akawa analala kwake, katika nyumba ya pili kwenye boma letu, hatua thelathini kutoka mlango wangu. Hakuniuliza, na sikuweza kumlaumu. Mchana nilimnyonyesha, jioni nikamkabidhi. Nilizihesabu hatua zile mara nyingi nikiwa nimesimama mlangoni.

Mama mkwe namwita Mwaitu, ambalo kwa Kikamba ni mama tu. Jina lake hasa silitamki. Hiyo ndiyo nthoni, heshima na haya vikiwa kitu kimoja: mke hataji majina ya wazazi wa mume. Wasichana wa siku hizi wengi hawajali, wanataja tu. Lakini Mwaitu ni shemasi wa kanisa na mjane anayejisimamia, na kwake mambo hayo yalishikwa. Sasa tatizo ni kwamba msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Kwa hiyo binti yangu ana jina ambalo kila mtu anaweza kumwita isipokuwa mama yake. Mimi nilimwita Mami. Jina la ubatizo analo, Faith, lakini kanisani kwetu akina Faith ni kumi na mmoja na wangu alikuwa haitiki akiitwa hivyo. Hilo lilikuwa la kwenye karatasi. Jina lake la kweli nililisema kichwani tu, kila siku, kwa sababu kichwani hakuna anayekusikia.

Nilipopewa barua ya kwenda Nairobi kuonwa kwa ajili ya upasuaji, Mwaitu alikataa. "Mtu akifunguliwa kichwa harudi yule yule," alisema. Mume wangu Kioko, ambaye ni mwashi na hukaa Athi River kwa ajili ya kazi, alinitetea. Walibishana siku mbili, wakafika mahali. Nikipasuliwa, na nikimaliza mwaka bila kuanguka, na akili ikiwa timamu, mtoto atarudi kulala kwangu. Niliyasikia makubaliano hayo nikiwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Hakuna aliyeniuliza neno, lakini ndiyo yaliyonipeleka Nairobi.

Kuhusu kungoja nitasema kidogo, kwa sababu utangoja sana. Utangoja kupigwa picha ya kichwa, utangoja kuwekwa nyaya, utangoja uanguke nyaya zikiwa kichwani, na wewe uliyeomba miaka yote usianguke utaanza kuomba uanguke mapema ili uende nyumbani. Televisheni ya pale ilikuwa inaonyesha mapishi bila sauti. Niliona keki nane zikitengenezwa na mpaka leo sijui zilikuwa za nini. Beba sweta, benchi za hospitali ni baridi hata saa sita mchana.

Mahali kifafa changu kilipokaa palikuwa upande wa kushoto, juu ya sikio, karibu na pale watu wengi huweka maneno yao. Ndiyo sababu kulikuwa na daktari wa kupima maneno na kumbukumbu. Alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, mtu wa upande wa Busia, mwenye sauti ya polepole. Mimi nilimwita daktari wa maneno. Alinionyesha picha, kinu, ngazi, kobe, nikazitaja. Alinisomea hadithi, nikamrudishia. Halafu akafika kwenye familia.

"Mama ya mume wako anaitwa nani?"

Nikatazama meza. Mlango haukuwa umefungika vizuri, na kupitia ufa niliona kitambaa cha kichwa cha Mwaitu pale kwenye benchi.

"Chukua time yako," akasema.

"Namwita Mwaitu."

"Hiyo si ni kama kusema mama? Jina lake sasa."

Nikanyamaza.

"Sawa. Na mtoto wako?"

"Faith."

"Na la nyumbani?"

Nikanyamaza tena. Alingoja, akanitazama kwa huruma, akaandika. Nilimwona akiandika sifuri, kisha sifuri nyingine. Jina lilikuwa hapo kwenye ncha ya ulimi, zima. Lakini ningemweleza vipi mtu wa Busia kwa Kiswahili changu cha woga, na mwenye jina yuko nyuma ya mlango? Niliona ni jambo dogo. Niliona hata nimefanya vizuri, nimeshika adabu hadi Nairobi.

Siku ya mwisho alinieleza matokeo. Alisema kichwa changu hakikukaa bure miaka hiyo yote. Kwa kuwa ule upande ulikuwa unasumbuliwa tangu utotoni, maneno mengine yalikuwa yamehama yenyewe, yakaenda upande wa pili. Nililielewa hilo kwa njia yangu. Mabati yakivuja juu ya kona moja ya jikoni, huachi unga pale, unausogeza. Mwaka ukipita unasahau kwamba ulikuwa kona ile. "Vilivyobaki pale vinaweza kuguswa," akasema. "Majina ya watu ndiyo huguswa zaidi. Na wewe majina ya familia tayari yako chini kidogo, kwa hivyo tutaangalia." Nikaitikia kwa kichwa.

Nilipasuliwa mwezi wa sita, wakati wa baridi na vumbi.

Nilipoamka sikuweza kufungua mdomo. Wanakata msuli wa kutafunia ili wapite, na hakuna aliyenitayarisha kwa hilo. Kwa wiki tatu nilikula uji kwa kijiko cha chai. Jicho la kushoto lilivimba likafumba. Nusu ya kichwa ilikuwa haina nywele, na juu ya sikio ngozi ilikuwa imekufa ganzi, nikiigusa ni kama namgusa mtu mwingine. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mgonjwa kutoka Mwingi, na dada yake aliyekuja kumwangalia alikuwa mwanamke Mwislamu wa makamo. Kila asubuhi akimaliza kumfunga dada yake leso, alikuja akanifunga na mimi, taratibu, bila kugusa nyuzi. Siku ya tatu nilitaka kumshukuru kwa jina lake. Alikuwa ameniambia mara mbili. Nilifungua mdomo ule kwa upana nilioweza, na hapakuwa na kitu.

Aliona. "Niite dada tu," akasema. "Inatosha."

Sijawahi kumwona tena. Nikikumbuka hospitali ile namkumbuka yeye kabla ya madaktari.

Miezi miwili ya kwanza nilikaa Matiliku kwa mama yangu, ili nisikae peke yangu mchana. Ilikuwa msimu wa machungwa. Mama aliniwekea karai zima kando ya kiti nami nikawa nasema, "Mama, nipe ile... ile ya kumenya." Mwiko ukawa ile ya kusonga. Kufuli ikawa ile ya mlango. Mama yangu ana upendo na hana subira, kwa hiyo kabla sijamaliza kulitafuta neno alikuwa ameshalisema. Nikianza sentensi yeye anaimaliza. Wageni wakiniuliza hali yeye anajibu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na nilikaa kwenye kiti kama mtoto anayesemewa shuleni. Siku kwa siku maneno yangu yalipungua, kwa kuwa hakuna aliyehitaji niongee. Kuanguka, hata hivyo, kulikuwa kumekwisha. Harufu ya maziwa ilikuwa imekwenda.

Nilirudi Mutomo mwezi wa nane. Mtoto aliniona kutoka mbali akaja mbio na kandambili moja. Nikamwinua. Nikasema, "Mami!" na hilo lilitoka sawa. Halafu nikataka kulisema lile lingine kichwani, kama nilivyozoea, jina lake lenyewe. Halikuwepo.

Nilisimama na mtoto mikononi, nikalitafuta. Nilijua ni refu kiasi gani. Nilijua linafanana na kitu. Jirani akapita, akamsalimia mtoto kwa jina, na mara nikalijua, ndilo hilo. Nikalishika. Nilipofika mlangoni lilikuwa limeponyoka kama sabuni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nikilisikia nalijua, nikilisoma kwenye kitabu cha kliniki nalisoma. Lakini kulitoa mwenyewe, sina. Majina mengine yalikuwa yanarudi. Daktari wa maneno alikuwa amenifundisha: lizunguke. Usiligonge neno kwa mbele, sema linafanya nini, linakaa wapi, linafanana na nini, kisha liseme kwa sauti, na kesho tena kwa sauti, mpaka kichwa kitengeneze njia mpya. Sokoni niliwaambia wateja waandike majina yao wenyewe kwenye daftari la vipimo. Wakienda nilikaa kwenye cherehani nikisoma kwa sauti: Kalekye, kifua thelathini na sita, Ndinda, kiuno ishirini na nane. Baada ya miezi michache niliweza kuwaita wengi wao wakiingia mlangoni, na sikuwa na haja ya daftari.

Hili moja ndilo halikuwa na mazoezi. Lingefanyiwaje mazoezi kwa sauti, katika boma ambalo mwenye jina yuko hatua thelathini? Miaka minne sikuwahi kulitia mdomoni. Ulimi wangu haukulijua. Kichwani ndiko lilikokuwa peke yake, na kichwani ndiko walikokata.

Nilijaribu. Nilichukua kitabu cha kliniki nikaingia katikati ya mbaazi, nikainama, nikasoma jina kwa mnong'ono. Mara ya pili, ya tatu. Nikasikia kuni zikivunjika. Mwaitu alikuwa amesimama na mzigo mgongoni.

"Unaongea na nani?"

Nikaingiza kitabu kifuani. "Naomba, Mwaitu."

Alifurahi. Jumapili aliwaambia wanawake wenzake kanisani kwamba mke wa mwanawe huomba shambani. Sikurudi tena kwenye mbaazi kufanya mazoezi.

Baada ya miezi mitatu nilipimwa tena Nairobi. Kobe alinichukua muda, ngazi nikaiita ile ya kupandia. Kwenye familia nilinyamaza palepale nilipokuwa nimenyamaza. Daktari wa maneno alilinganisha karatasi mbili, akatabasamu. "Majina ya familia, hakuna mabadiliko. Hiyo tulikuwa tunaiogopa, na haijaenda chini." Alikuwa amefurahi kwa ajili yangu. Ningemwambia nini? Kwamba sifuri ya kwanza ilikuwa adabu na ya pili ilikuwa shimo? Mwaka haukuwa umeisha. Mama asiyeweza kusema jina la mtoto wake, ni nani atamwita timamu? Nilitabasamu pia.

Nataka uelewe upweke wa aina hii, kwa sababu hakuna aliyenionya juu yake. Nilikuwa nimepona mbele ya watu wote. Kioko alipiga simu kila jioni. "Uko aje?" "Niko fiti." "Hujaskia ile harufu?" "Sijaskia." Halafu anasema, mpe simu mtoto, na anamtaja, na mimi nasikia jina likipita sikioni mwangu kwenda kwa mtu mwingine. Ningeweza kumwambia. Lakini alikuwa amesimama mbele ya mama yake kunitetea, na sikutaka aonekane mjinga.

Mwaitu naye alianza kujivunia mimi. Wanawake wa kanisa walikuja kwetu mwezi wa kumi na moja, mvua ilipokuwa imeanza na kila mtu amepanda. Nilikuwa naleta muthokoi mezani, mahindi yale ya kukobolewa. Aliwaambia, mbele yangu, "Huyu wangu amefunguliwa kichwa na bado hajawahi kunitaja. Wenu wana vichwa vizima na wanaita majina kama wanauza nyanya." Walicheka, wakanisifu. Mmoja alinishika mkono wenye kovu akasema Mungu aniongeze. Nilirudi jikoni nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikalia bila sauti mpaka chai ikafurika kwenye moto.

Jioni mtoto alivuka kiwanja akiwa ameshikwa mkono na nyanya yake, na mimi nikasimama mlangoni. "Lala salama, Mami." Kila mama anaweza kuitwa Mami. Wauza mboga wa Mutomo huniita Mami mimi.

Mwaka ukatimia bila kuanguka hata mara moja. Kipimo cha mwisho kilifanyika Kitui mjini, kwenye kliniki ambayo madaktari hao huja mara chache kutoka Nairobi. Mtoto alikuwa shule, Kioko alikuwa kazini, kwa hiyo nilikwenda na Mwaitu na ile chupa ya chai. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mkononi alikuwa na mfuko wenye blanketi jipya la mtoto, la rangi ya waridi, alilonunua njiani. Hakusema ni la nini. Nilijua ni la kitanda cha kwangu.

Safari hii daktari wa maneno alimwita naye aingie, aeleze ninavyoishi nyumbani. Mwaitu alieleza kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno: napika, nashona, naimba kwaya, sianguki. Kisha tukafika kwenye familia.

"Jina la mama mkwe?"

Nikanyamaza.

"Jina la nyumbani la mtoto?"

Nikanyamaza. Kalamu ikateremka kwenye karatasi. Mwaitu akainama mbele akaona.

"Hapana, daktari," akasema. "Usiandike sifuri. Hiyo ni heshima. Ni jina yangu mimi, na mtoto ameitwa mimi. Sisi mke hawezi kusema. Huyu anajua, ni adabu tu amefunga."

Daktari wa maneno aliweka kalamu chini akashika mashavu. "Kumbe! Aki mama, si mngeniambia? Hata last year ilikuwa hivyo?"

"Hata last year," akasema Mwaitu kwa fahari.

Walicheka wote wawili. Daktari alichukua karatasi ya kwanza akaanza kufuta sifuri. Nikaona mkono wake ukienda kwenye karatasi ya pili, ile ya baada ya kupasuliwa. Nilichohitaji kufanya ni kukaa tu. Karatasi ingesema mimi ni mzima, blanketi lingetoka kwenye mfuko, mtoto angelala kwangu siku ileile. Na hakuna ambaye angejua kamwe. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Niliona miaka mbele yangu, mimi na shimo langu, watu wakilisifu.

"Ya kwanza futa," nikasema. "Ya pili acha. Ile mara ya kwanza ilikuwa heshima. Sasa sina, Mwaitu. Jina limetoka. La mtoto na lako. Sina."

Mwaitu alinitazama, na uso wake ukajifunga polepole.

"Mwaka mzima," akasema kwa Kikamba. "Nimekuwa nikijisifu nini mwaka mzima?"

Daktari wa maneno, ambaye hakujua Kikamba lakini alijua nyuso, alituliza mambo kwa kazi. Alimwomba Mwaitu amnong'oneze jina lile, kisha akanisomea majina matatu nichague. Nililichagua kabla hajamaliza. "Liko," akasema. "Njia ndiyo imekatika. Kichwa kinaweza kutengeneza ingine, kimeshafanya hivyo na mengine. Mlizunguke, kama nilivyomfundisha, lakini lazima lipite mdomoni. Kila siku, kwa sauti."

Mwaitu aliuliza kitu kimoja tu. "Kwa sauti?"

"Kwa sauti, mama."

Tulirudi nyumbani. Blanketi halikutoka kwenye mfuko. Siku tatu Mwaitu hakuongea nami zaidi ya salamu na chumvi, na sikumlaumu, kwa sababu nilikuwa nimempokonya kitu alichokuwa anakipenda. Jioni mtoto alivuka kiwanja kama kawaida. Sikuwahi kujiona peke yangu kama siku zile tatu, hata siku ya kupasuliwa.

Siku ya nne, alasiri, nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha ghala nikimenya mbaazi. Mwaitu alikuja na kigoda chake, akakaa mbele yangu, akachukua konzi ya mbaazi akaanza kumenya. Tulimenya muda mrefu.

"Mimi nilizaliwa kukiwa na nini?" akauliza bila kuinua macho.

Sikuelewa.

"Yule msichana alisema lizungukwe. Nakuuliza, nilizaliwa kukiwa na nini?"

"Ulizaliwa... maji yakitoka juu. Mto ulijaa, mama yako hakuweza kuvuka. Mbuzi wa nyanya yako walichukuliwa."

"Hiyo inaitwa nini kwa Kiswahili?"

"Mvua."

"Na kwetu?"

Hapo nilikaa. Mbaazi zikanimwagika mkononi. Nililisogeza lile la Kiswahili mdomoni, mvua, mvua, mpaka likageuka. "Mbua," nikasema.

"Haya. Mtu wa mbua ni nani?"

Nilimtazama. Hata sasa mdomo ulikataa, na sijui ni kukatwa au ni nthoni, vilikuwa vimeshikana. Aliinua macho.

"Nimekupa ruhusa," akasema. "Sema."

"Mumbua."

Bega lake lilishtuka kidogo. Hakuwahi kulisikia kinywani mwa mke wa mwanawe, na hakutarajia kulisikia mpaka afe. "Tena," akasema. Nikasema tena. Kila mara bega lilishtuka, na kila mara akasema tena, mpaka likaacha kushtuka na mimi nikaacha kupitia kwenye mvua ili nilifikie. Nililipoteza mara mbili katikati. Alingoja. Hakunisemea.

Kisha akajipangusa mikono. "Godoro la mtoto nimelitoa liko mlangoni. Muite wajina wangu aje abebe blanketi lake."

Nikasimama. Nikaelekeza uso nyuma ya nyumba, ambako kulikuwa na kelele za kucheza, nikaita kwa sauti yangu yote.

"Mumbua!"

"Ee?" akaitika Mwaitu hapo chini, kwenye kigoda, kabla hajajizuia. Tulitazamana, akafunika mdomo kwa mkono wenye maganda.

Mtoto alitokea pembeni ya nyumba akikimbia. Alinipita, akaenda kusimama mbele ya nyanya yake, akihema.

"Susu," akamuuliza, "nani ameniita?"

Mwaitu aliinamia mbaazi zake.

"Ni mimi," nikasema.